Kwenda na watoto wadogo kwenye moli za Dubai: mwongozo kamili kwa mzazi anayetoka Afrika Mashariki

Wengi wetu tunaijua Dubai kwa mizigo. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anapanda ndege, anafikia mtaa wa Deira, anazunguka maduka ya jumla, anafunga mzigo, anaukabidhi kwa watu wa kago na kurudi. Siku hizi safari hiyo inazidi kuwa ya familia. Mama anafuata bidhaa, baba na watoto wanafuata mapumziko, na likizo ya Desemba inaangukia vizuri kwenye tamasha la manunuzi la Dubai, lililoanza mwaka 1996 na ambalo hufanyika kati ya Desemba na Januari. Swali ni moja: mtoto wa miaka miwili au minne utakwenda naye vipi kwenye jengo lenye maduka zaidi ya elfu moja, katikati ya watu wa kila taifa na desturi ambazo huna uhakika nazo?

Msimamo wangu ni kwamba siku ya kwenda moli na mtoto mdogo iwe siku ya mtoto. Manunuzi mazito yapangiwe siku yake, mzazi mmoja aende na mwingine abaki na watoto. Ukitaka vyote viwili kwa pamoja, hutanunua kwa utulivu, na mtoto atachoka kiasi cha kuharibu usiku wa familia nzima. Yote yanayofuata hapa yamejengwa juu ya msimamo huo.

Maandalizi ya nyumbani

Anza na nguo. Watu hudhani Dubai ni joto tu, wakafungasha fulana na kaptula. Kuanzia Juni hadi Septemba joto la nje hupita nyuzi 40, ni kweli, lakini ndani ya moli kiyoyozi kinafanya kazi kutwa nzima. Mtoto aliyetoka nje akitokwa na jasho anaingia kwenye baridi kwa ghafla. Kila mtoto awe na sweta jepesi na soksi ndani ya mkoba, hata mwezi wa Agosti. Desemba na Januari hali ya nje ni nzuri sana, na jioni kuna ubaridi unaohitaji sweta hata nje.

Viatu ni jambo la usalama. Mvalishe mtoto viatu vya kufunga vyenye soli ngumu. Kandambili na viatu laini vya mpira viache hotelini. Sababu yake nitaieleza nitakapofika kwenye ngazi za umeme.

Beba khanga mbili. Moja ni ya kumfunika mtoto akilala, nyingine ya mama kujistiri anaponyonyesha au ya kubebea mtoto mgongoni miguu yake inapogoma. Hakuna atakayekuzuia kubeba mtoto mgongoni kwa khanga ndani ya moli. Watu watatabasamu, na huenda wakakuuliza umetoka nchi gani.

Kwa dawa, beba paracetamol ya maji na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Dawa za kikohozi zenye codeine usifungashe, kwa sababu Falme za Kiarabu, nchi yenye Dubai, ina masharti makali kwa dawa za aina hiyo. Maduka ya dawa yapo kwenye moli zote kubwa.

Kuna somo moja la kufanya na mtoto wiki moja kabla ya safari, nalo ni bora kuliko chochote utakachonunua. Mfundishe kutamka jina lake kamili, jina halisi la mama na la baba, na sentensi moja ya Kiingereza ya kuomba msaada. Watoto wetu wengi wanamjua mama yao kwa jina la "Mama" tu, au "Mama Asha". Mlinzi wa moli hatafika popote kwa jina hilo.

Chagua moli moja

Kosa la wageni ni kutaka kuziona zote. Siku moja, moli moja, na saa tatu zinatosha. Chagua kwa kuangalia umri wa mtoto na mahali unapolala.

Kama umefikia Deira, kama wafanyavyo Waafrika Mashariki wengi, City Centre Deira iko karibu. Ilifunguliwa mwaka 1995, imeungana na kituo cha metro chenye jina hilohilo, ina Carrefour kubwa ya kununulia maji, maziwa na pampasi, na ina uwanja wa michezo wa watoto wa Magic Planet. Si ya kifahari sana, na mimi naipendekeza iwe ya kwanza kwa sababu hiyo. Mtoto anajifunza namna moli zilivyo kabla ya kuingizwa kwenye jengo kubwa zaidi.

Kwa mtoto anayetembea lakini bado mchanga, chaguo langu ni Ibn Battuta Mall. Sehemu yake kubwa iko chini, kwa hiyo habari ya kupanda na kushuka ngazi ni ndogo. Imegawanywa kwa nchi alizopita msafiri Ibn Battuta: Andalusia, Tunisia, Misri, Uajemi, India na China. Kila sehemu imejengwa na kunakshiwa kivyake. Kwenye sehemu ya India kuna mfano mkubwa wa saa ya tembo, yaani saa yenye umbo la tembo, iliyobuniwa na fundi al-Jazari zaidi ya miaka 800 iliyopita. Kwenye sehemu ya China kuna jahazi la Kichina. Mtoto wa miaka mitano aliyesikia habari za Kilwa ana kitu cha ziada cha kusimuliwa hapo: msafiri huyohuyo alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Ubaya wake ni urefu. Kutoka ncha moja hadi nyingine ni safari ndefu, kwa hiyo chagua sehemu tatu na uziache nyingine.

The Dubai Mall, iliyofunguliwa Novemba 2008 pembeni mwa jengo la Burj Khalifa, ndiyo kila mtu anayoitaka. Nenda, ila nenda ukijua unachokwenda kuona. Tangi kubwa la samaki lina lita milioni 10 za maji, na kioo chake kikubwa kinaonekana bure kutoka kwenye korido ya moli. Mtoto mdogo atasimama pale akiangalia papa na taa wakipita, na kwake hiyo inatosha kabisa. Tiketi ya kuingia kwenye njia ya chini ya tangi ni nzuri kwa mkubwa kidogo. Kwa wa miaka miwili ni fedha isiyo ya lazima. Kuna pia maporomoko ya maji ya ndani yenye sanamu za wapiga mbizi, na uwanja wa barafu unaoweza kuutazama ukiwa umesimama pembeni.

Mall of the Emirates, ya mwaka 2005, ndiyo yenye mlima wa theluji wa Ski Dubai. Hapa napo kuna ukuta wa kioo unaokuwezesha kutazama watu wakiteleza bila kulipa. Ukiingia ndani, nguo nzito na viatu hutolewa pamoja na tiketi, lakini uliza kabla ya kulipa kama glavu na soksi zimo. Joto la humo liko chini ya sifuri, na mtoto wa Tanga au Mombasa ambaye hajawahi kuona barafu nje ya friji huweza kulia baada ya muda mfupi. Mwonyeshe kwanza kupitia kioo, umsome uso wake, ndipo uamue.

Dragon Mart usimpeleke mtoto. Ni jengo refu mno la bidhaa za China, lina maboksi na mikokoteni ya mizigo, na hakuna kinachomhusu. Hiyo ni siku ya mzazi mmoja na daftari lake.

Saa ya kwenda

Moli nyingi hufunguliwa saa nne asubuhi, na huo ndio wakati wenu. Dubai iko saa moja mbele ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na saa mbili mbele ya Kigali na Bujumbura, kwa hiyo usingizi wa mtoto hauvurugiki sana. Saa nne hadi saa saba mchana korido ziko wazi, lifti hazina foleni, na wauzaji wana muda wa kuzungumza na mtoto.

Wenyeji hutoka jioni. Baada ya swala ya Magharibi na hasa baada ya Isha moli hujaa, na utakuta watoto wa Kiarabu wakikimbia saa nne usiku kama ni mchana. Wao wamelala adhuhuri. Wa kwako hajalala. Ukitaka kuona chemchemi ya maji inayocheza kwa muziki nje ya Dubai Mall jioni, mlaze mtoto mchana hotelini na umrudishe saa kumi na mbili, ukae nje kwenye hewa badala ya ndani kwenye msongamano.

Tangu Januari 2022 mapumziko ya wiki ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa watu wengi hufanya kazi nusu siku. Jumatatu hadi Alhamisi ndizo siku tulivu. Ijumaa usiku na Jumamosi usiku kaa mbali ukiwa na mtoto mchanga.

Njia ya kufika

Metro ya Dubai, iliyoanza tarehe 9 Septemba 2009, haina dereva, na kwa mtoto hiyo peke yake ni burudani. Unanunua kadi ya nauli iitwayo nol kituoni; watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi. Kuna behewa la wanawake na watoto lenye alama ya waridi sakafuni. Mama akiwa na watoto, hata wa kiume, aingie humo. Baba asiingie, kwani kuna faini. Familia nzima ikiwa pamoja, pandeni behewa la kawaida.

Ndani ya treni na kituoni ni marufuku kula, kunywa na hata kutafuna bigijii, na faini ni dirhamu 100. Hili linawashika sana wenye watoto, kwa sababu sisi tumezoea kumnyamazisha mtoto kwa biskuti. Mlishe kabla ya kupita geti. Epuka pia saa za kwenda na kutoka kazini, wakati kigari cha mtoto hakipati pa kusimama.

Ukishuka kituo cha Burj Khalifa/Dubai Mall, bado hujafika. Kuna njia ya juu iliyofunikwa yenye kiyoyozi na sakafu zinazotembea, na urefu wake ni karibu kilomita moja. Mtoto wa miaka mitatu akiitembea yote kwa miguu, ataingia moli akiwa ameshachoka. Kigari kianze kazi hapo.

Kwa teksi, jua kwamba sheria inataka mtoto wa chini ya miaka minne akae kwenye kiti chake maalumu, na mwenye umri chini ya miaka kumi asikae mbele. Ukiagiza gari kwa programu ya simu, tafuta lenye kiti cha mtoto. Zipo pia teksi zenye paa la waridi zinazoendeshwa na wanawake kwa ajili ya wanawake na familia. Na usivuke barabara pasipo kivuko hata kama moli unaiona mbele yako. Faini yake ni kubwa, na magari huenda kasi.

Mkishaingia

Kabla ya duka lolote, simameni mlangoni. Mpige mtoto picha ya mwili mzima kwa simu yako, ili nguo za siku hiyo, viatu na nywele zake vionekane. Mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, ukianza na msimbo wa nchi: +971 kwa laini ya huko, au +255, +254, +256 kwa laini ya nyumbani. Funika maandishi kwa plasta inayopitisha mwanga ili jasho lisiyafute. Mtie na kadi ya hoteli mfukoni.

Halafu piga picha ya jina la mlango au maegesho. Kwenye jengo kubwa namna hii "tukutane mlangoni" haina maana, kwa sababu milango ni mingi. Chagueni kitu kisichohama, kama lile tangi la samaki au ile saa ya tembo, kiwe mahali pa kukutana mkitengana.

Kuhusu kutengana, zingatieni hili: simu za sauti na za video za WhatsApp hazipiti kwenye mitandao ya Falme za Kiarabu. Ujumbe wa maandishi na sauti zilizorekodiwa hupita. Familia nyingi hutegemea WhatsApp, na huligundua jambo hili wakati baba yuko ghorofa ya pili na mama ya chini. Nunueni laini ya huko, angalau moja kwa kila mtu mzima, muweze kupigiana simu ya kawaida.

Tafuta dawati la huduma kwa wateja. Wanatoa ramani, wanakodisha vigari vya watoto, na watakuelekeza chumba cha kunyonyeshea. Usione haya kuuliza. Wafanyakazi wengi wa moli ni wageni kama wewe, kutoka Ufilipino, India, Pakistani na Nepali, na wako Wakenya na Waganda wengi kwenye ulinzi, uuzaji na usafi. Ukisikia "Mambo?" kutoka kwa mlinzi, itika vizuri na umtambulishe mtoto. Siku ikiharibika, huyo ni mtu anayekufahamu.

Ngazi za umeme

Hapa naomba usome polepole. Watoto wetu wengi hawajazoea ngazi za umeme, na moli za Dubai zimejaa ngazi hizo. Viatu laini vya mpira hunaswa pembeni, pale ngazi inapokutana na ukuta wake, na vidole hukifuata kiatu. Kamba za viatu zilizofunguka, buibui refu na ncha ya khanga navyo hunaswa.

Kigari cha mtoto kisipande ngazi za umeme kamwe, hata kama lifti ina foleni. Mtoto anayetembea asimame katikati ya kidato, mkono wake mmoja ukushike wewe, atazame mbele, na mwisho wa ngazi anyanyue mguu. Usimruhusu kukaa kwenye kidato, wala kucheza na mkanda wa mkono. Kila ngazi ina kitufe chekundu cha kuisimamisha, kwa kawaida juu na chini kabisa. Kitafute kwa macho kabla ya kupanda. Kwenye ghorofa za juu kuna pia vizuizi vya kioo ambavyo watoto hupenda kuegemea. Usimnyanyue mtoto kumwonyesha chini hata kama analia.

Desturi za watu

Mzazi anayetoka pwani yetu atakuta mengi anayoyafahamu: adhana inasikika ndani ya moli, watu hula na kupokea kwa mkono wa kulia, mabuibui yako kila mahali. Kwa anayetoka bara na asiyezoea hayo, mweleze mtoto mapema. Mtoto akimwona mama aliyefunika uso akaanza kumnyooshea kidole na kuuliza kwa sauti, aibu itakuwa yako. Mwambie nyumbani: ni mama kama mama yako, amevaa hivyo kwa dini yake, tunamsalimia.

Mavazi ya watoto wadogo hayana shida. Kwa watu wazima, moli huomba mabega na magoti yafunikwe, na matangazo yake yako milangoni. Mama mwenye gauni fupi atupie khanga au mtandio, baba avae suruali. Mume na mke kushikana mikono si tatizo, lakini mabusu yaacheni hotelini.

Waarabu wanapenda watoto waziwazi. Mzee asiyekujua atamshika mwanao shavu, muuzaji wa manukato atampa chokoleti, mwanamke kwenye lifti atamwita "habibi". Kwa mzazi aliyefundisha watoto wasipokee kitu kwa mtu wasiyemjua, hali hiyo inatia hofu. Njia nzuri ni mtoto akutazame wewe kwanza, wewe ukubali au ukatae kwa upole huku umeweka mkono wa kulia kifuani, naye aseme "shukran". Kama hutaki ashikwe, msogeze kwako kwa tabasamu. Watu wanaelewa. Mimi napenda sana upande huu wa Dubai: mtoto haonekani kero, na anayelia mgahawani hapati macho makali.

Picha ni jambo zito. Sheria ya huko ya uhalifu wa mtandaoni inalinda faragha, na kumpiga mtu picha au kumrusha mtandaoni bila idhini yake kunaweza kukufikisha polisi. Unapompiga mwanao picha, hakikisha hakuna mwanamke wala mtoto wa mtu nyuma yake. Mtoto akishika simu yako, funga kamera.

Na hili la kofi. Kwetu mtoto akijitupa chini dukani, wapo watakaomchapa na hakuna atakayeuliza. Dubai usifanye hivyo. Nchi ina sheria ya haki za mtoto ya mwaka 2016, inayojulikana kama Sheria ya Wadeema, na mtu yeyote anaweza kutoa taarifa. Sheria hiyo pia inakataza kumtelekeza mtoto; usimwache peke yake garini hata dakika moja, kwa joto lile hiyo ni hatari ya kifo. Mtoto akigoma, mbebe, mtoke kwenye kelele. Korido za kuelekea vyumba vya swala na vyoo huwa tulivu. Mpe maji, mvue sweta au mvalishe, na usubiri. Mara nyingi ni njaa, baridi au usingizi, na hakuna hata kimoja kinachoondolewa kwa kofi. Hata nyumbani naona ni vyema tukaliacha.

Chakula, choo na swala

Chakula cha migahawa ya moli kwa kawaida ni halali. Baadhi ya maduka makubwa ya vyakula yana chumba cha pembeni cha nyama ya nguruwe kilichoandikwa kuwa ni cha wasio Waislamu, kwa hiyo huwezi kuichukua bila kujua. Kwenye ukumbi wa vyakula, mtoto aliyekulia biriani na pilau hapotei, ila pilipili ya Kihindi ni kali. Omba isiyo na pilipili na uonje kabla ya kumpa. Shawarma ya kuku, wali mweupe na mtindi, au mkate wa Kiarabu na hummus ni chaguo salama. Kuleni saa tano na nusu, kabla meza hazijajaa. Ukiomba maji, sema unataka ya hapo nchini, maana mgahawani unaweza kuletewa chupa ya kutoka Ulaya ya bei ya kushangaza.

Vyoo ni safi na vina bomba la maji, kama tulivyozoea. Vyumba vya kubadilishia na kunyonyeshea vina viti na mabeseni, ila vingine ni vya akina mama tu. Baba mwenye mtoto wa kike aulize choo cha familia badala ya kumwingiza upande wa wanaume. Kunyonyesha hadharani ukiwa umejistiri hakuleti maneno.

Vyumba vya swala viko kwenye kila moli, vya wanaume na vya wanawake mbalimbali. Wazazi wapokezane. Mtoto anaweza kuingia, lakini avue viatu na asikimbie mbele ya wanaoswali.

Fedha na vishawishi

Dola moja ni dirhamu 3.67 hivi, na kiwango hicho kimefungwa tangu 1997, kwa hiyo hesabu kwa dola na ubadilishe kichwani. Bei za moli ni za kudumu. Kuomba kupunguziwa kuache kwa ajili ya maduka ya mitaa ya Naif na Karama. Mpe mtoto wa miaka minne na kuendelea kikomo kabla hamjaingia: kitu kimoja, cha bei hii, tutakinunua mwishoni. Ukinunua mwanzoni, utakibeba wewe, na atataka kingine.

Viwanja vya michezo hutumia kadi unayoijaza fedha. Weka kidogo, kwa sababu kilichobaki kwenye kadi hubaki huko. Vingi vinadai soksi, na zao ni ghali, ndiyo maana nilisema ufungashe. Usimwache mtoto humo peke yake ukaenda dukani.

Akipotea

Usianze kukimbia. Mzazi mmoja abaki palepale mtoto alipoonekana mwisho, kwa sababu watoto wengi hurudi nyuma. Mwingine amwendee mlinzi au muuzaji wa karibu, amwonyeshe ile picha ya asubuhi, ataje jina, umri na rangi ya nguo. Moli zina kamera nyingi na walinzi wana redio za mawasiliano. Polisi ni 999, gari la wagonjwa ni 998.

Mtoto naye awe amefundishwa: ukiniona sipo, simama, usitoke mlangoni, mtafute mtu mwenye sare au mama mwenye watoto, mwonyeshe mkono wako wenye namba. Akipatikana, mkumbatie. Maswali yatafuata hotelini.

Mkienda mwezi wa Ramadhani

Watoto wadogo hawatarajiwi kufunga, na migahawa mingi ya moli hutoa chakula mchana. Mlishe mtoto ndani ya mgahawa, na mzazi mwenyewe asile akitembea koridoni. Mchana moli hupwaya, na hiyo ni nafuu kwenu. Baada ya futari hufurika hadi usiku wa manane. Saa ya mwisho kabla ya Magharibi usiwe barabarani, kwa sababu kila mtu anawahi nyumbani na teksi hupungua.

Risiti na kurudi nyumbani

Tangu Januari 2018 kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, na mtalii hurudishiwa sehemu kubwa ya kodi hiyo kwenye manunuzi yanayoanzia dirhamu 250 kwenye duka moja lililosajiliwa. Mwambie muuzaji kabla hujalipa, umwonyeshe pasipoti. Ukinunua kigari, kiti cha gari cha mtoto na nguo zake kwenye duka moja, ni rahisi kufika kiwango hicho.

Kurudishiwa kunafanyika uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi mabegi, maana wanaweza kutaka kuona bidhaa. Kwa hiyo vitu hivyo viwe juu ya sanduku, si chini ya mabunda ya vitenge. Mzazi mmoja asimame kwenye foleni ya kodi na risiti, mwingine awakalishe watoto na maji na kile kitu kimoja walichonunuliwa. Fikeni mapema kwa saa moja zaidi ya mlivyozoea, na kigari kipya mkitoe kwenye boksi lake mkitumie: mashirika mengi ya ndege huruhusu mtoto asukumwe hadi mlangoni pa ndege.